Oili Ikishamwagwa Inakwenda Wapi?

Mwenye gari akiingia gereji kwa ajili ya sevisi husema, "Fundi, nimekuja kumwaga oili." Neno hilo nimelisikia miaka mingi na kulitamka mwenyewe mara zisizohesabika kabla sijalitegea sikio. Kumwaga. Hatusemi kukinga, wala kukusanya. Spana haijagusa nati ya chini ya injini, na tayari ulimi umeshaamua oili ile inakwenda wapi.

Gereji niliyojifunzia ufundi ilikuwa Dar es Salaam, kando ya mtaro unaoshuka kuelekea Mto Msimbazi. Haikuwa na sakafu. Kiangazi tulinyunyiza oili chafu uani ili kutuliza vumbi, na tuliona tumefanya la maana, kwa kuwa kitu cha kutupa kimepata kazi. Nyuma ya ukuta wetu aliishi mama mmoja mwenye kisima kifupi. Siku moja, masika yakiwa yamekatika, akaja hadi langoni. Tukamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Hebu mmoja wenu anifuate anichotee maji."

Nikaenda mimi. Ndoo ilipopanda niliona juu ya maji utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua, na harufu yake niliitambua mara moja kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kwenye nguo zangu. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Haya nayo ni ya kunywa, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Bosi wetu alimpa fedha za kununulia maji ya madumu, pengine ya wiki moja. Kisima kile hakikunyweka tena.

Nimelitafakari jambo hilo kwa muda mrefu. Hakuna kati yetu aliyekusudia kumdhuru yule mama. Ila oili ile haikuwa na mwenyewe: mwenye gari alikwishalipa na kuondoka, fundi alikwishashika gari la pili, bosi alikuwa akihesabu mauzo ya siku. Ushauri wangu wote unatoka hapo. Kabla hujalegeza nati yoyote, kila kitakachotoka kwenye gari kiwe kimeshapata mwenyewe, chombo na bei. Nazungumza kwanza na mafundi na wenye gereji, lakini mwenye gari asiondoke, nitamrudia.

Tuanze na hesabu. Injini ya gari dogo hubeba lita 4 hivi za oili. Lori kubwa hufika lita 30 na kuzidi. Gereji ya mtaani inayohudumia magari madogo 5 kwa siku hutoa lita 20, na kwa siku 6 za kazi ni lita 120. Pipa la lita 200 linajaa kabla wiki ya pili haijaisha. Sasa fikiria gereji zote za Gerezani, Dar es Salaam, na zile za Grogan jijini Nairobi zilizojipanga karibu na Mto Nairobi, na karakana za Katwe, Kampala, ambako mvua husomba kila kitu hadi mfereji wa Nakivubo na kutoka hapo kuingia Ziwa Viktoria. Watu wa maji hurudia hesabu hii mara kwa mara: lita 1 ya oili inaweza kuharibu lita 1,000,000 za maji ya kunywa. Na oili iliyokwishatumika ni mbaya kuliko mpya. Imebeba masizi, unga wa chuma uliosagika ndani ya injini, na kemikali za mwako ambazo baadhi yake huleta saratani.

Kwa hiyo nunua beseni pana, faneli yenye mdomo mkubwa, na pipa lenye kifuniko, uliweke chini ya paa. Kwenye pipa andika kwa rangi: OILI TU. Neno "tu" ndilo lenye kazi. Oili ya injini, ya giaboksi na ya haidroliki zinaweza kukaa pamoja. Ukitia humo petroli ya kuoshea vyuma, thina, maji ya breki au kulanti ya rejeta, umeharibu pipa zima. Kiwanda cha kusafisha oili hakitalitaka, mnunuzi anayejua kazi yake atalikataa, na utabaki na lita 200 za kitu kisicho na pa kwenda. Nimeona gereji ikipata hasara hiyo kwa sababu ya kijana mmoja aliyetafuta mahali pa kumwaga nusu ndoo ya petroli chafu. Kijana hakuwa na kosa. Hakuna aliyempa chombo cha petroli.

Filta nazo hazitupwi zikiwa zimejaa. Toa filta wakati injini bado ina joto, itoboe upande wa juu uliofumba, uiinamishe juu ya faneli na kuiacha hivyo usiku kucha. Utashangaa asubuhi kuona kilichotoka. Baada ya hapo ni chuma chakavu, na mnunuzi wa chuma chakavu anaipokea.

Nani anachukua oili? Hapa kuna mitego. Tanzania, mkusanyaji wa taka hatarishi anatakiwa awe na kibali chini ya taratibu zinazosimamiwa na NEMC, chombo cha taifa cha mazingira. Kenya kazi hiyo ipo kwa mamlaka ya mazingira, NEMA. Omba kuiona karatasi. Kisha weka daftari la kawaida la shule: tarehe, lita ngapi, nani kachukua, kwa bei gani. Oili nyingi iliyokusanywa vizuri huenda kusafishwa upya au kuchomwa kama nishati katika tanuri za saruji, ambako moto huzidi nyuzi 1,450 za Selsiasi na kuviunguza vile ambavyo moto wa kawaida hauviwezi. Oili hiyohiyo ikichomwa kwenye tanuri ya matofali au jiko la kuyeyushia lami barabarani, moshi wake na metali zake vinatoka usawa wa pua za watu.

Yupo pia mnunuzi ambaye hachomi wala hasafishi. Anachemsha, anachuja kwa kitambaa, anajaza kwenye chupa zilizotumika na kuuza kama mpya. Oili ya kuchakachua imeua injini nyingi, na chupa zake zinatoka kwetu mafundi. Toboa kila chupa tupu ya oili kabla haijatoka gereji. Ni pigo moja la bisibisi.

Najua pingamizi linalokuja: seremala naye? Kwa miaka mingi mafundi seremala na wafugaji wamekuwa wakija na dumu kuchukua oili chafu ya kupaka nguzo na mbao dhidi ya mchwa, na wengine huimwaga kwenye vyoo vya shimo kuua funza. Mchwa kweli hawaipendi. Lakini nguzo ya banda imesimama ardhini, mvua inaiosha, mbuzi anailamba, kuku anachakura chini yake, na mchicha wa uani unakua hatua tatu kutoka hapo. Shimo la choo nalo lina njia zake chini ya ardhi kuelekea visimani. Mimi simpi. Ninamweleza kwa upole, na ninamweleza pia kwamba nguzo iliyosimamishwa juu ya msingi wa zege, isiyogusa udongo, haifikiwi na mchwa kirahisi.

Sakafu ni habari nyingine, na hapa naomba mwenye gereji anisikilize kwa makini, kwa sababu bila sakafu mengine yote yanavuja. Huhitaji kusakafia eneo zima. Anza na nafasi ya gari moja, ile ya kumwagia oili na kufungulia injini. Weka zege lenye mteremko mdogo, na pembezoni ujenge kingo ya inchi mbili au tatu ili kilichomwagika kisitoke na maji ya nje yasiingie. Juu yake weka mabati. Mvua ya masika ikiikuta sakafu yenye oili imefunikwa, haina cha kusomba.

Maji ya kuoshea sakafu yapitishe kwenye mtego kabla hayajafika mtaroni. Fundi mwashi yeyote anaweza kuujenga: shimo la matofali lililopigwa plasta, limegawanywa vyumba vitatu. Siri yake ni jambo ambalo kila mpishi analijua, kwamba mafuta huelea. Maji yanaingia chumba cha kwanza taratibu, mchanga unazama, oili inapanda juu. Kati ya chumba na chumba pita kwa bomba la plastiki lenye kiwiko kinachotazama chini, mdomo wake ukiwa umezama karibu na sakafu ya mtego. Kwa hiyo kinachovuka ni maji ya chini, na oili inabaki nyuma ikisubiri kuenguliwa. Iengue kila wiki uirudishe kwenye chombo chake. Na tope la chini lisafishwe kabla halijajaa. Kitu kimoja kinaua mtego huu: sabuni ya unga. Sabuni huivunjavunja oili kuwa matone madogo yasiyoelea, nayo yanapita yote hadi mtoni huku wewe ukiamini mtego unafanya kazi.

Ndiyo maana napendekeza kwamba kilichomwagika kiondolewe kikiwa kikavu. Weka gunia la maranda karibu. Mwagia, acha yanywe, fagia, na uyatumie tena hadi yalowe kabisa. Kisha yafungwe kwenye mfuko na kumsubiri mkusanyaji. Yasiende kwa mfugaji wa kuku, wala kwa mama ntilie wa kuwashia jiko.

Sheria nayo inazungumza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vingine vya maji. Kama unatafuta kiwanja cha gereji, pima kwanza.

Sasa betri. Ningetaka fundi akisahau yote niliyosema asisahau hili, kwa kuwa oili huharibu maji lakini betri huharibu akili za watoto.

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Mtoto haonekani mgonjwa. Anakuwa mzito wa kuelewa, hatulii darasani, tumbo linamuuma mara kwa mara, na mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba hana bidii. Risasi ikiisha kuingia kwenye ubongo unaokua, madhara yake hayarudi nyuma.

Mombasa wanalijua hili. Katika mtaa wa Owino Uhuru tanuri ya kuyeyusha betri kuukuu ilifanya kazi ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, hadi ilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo, aligundua kuwa mwanawe mchanga ana sumu ya risasi, na akaanza kuuliza maswali ambayo hakuna aliyetaka kuyajibu. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufani ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka yote hiyo watoto walikuwa wakikua. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, hakukuwa hata na kiwanda. Watu walivunja betri mitaani na kuchekecha mchanga kutafuta vipande vya risasi vya kuuza, na kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 watoto 18 walikufa.

Kinachofanana na Thiaroye kipo kwetu. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, moto wa kuni unatosha, na pwani yetu wapo wanaovunja betri uani na kuyeyusha risasi kwenye sufuria kuukuu ili kupata chubwi za mishipi na nyavu. Jivu lake linabaki uani ambako watoto wanacheza. Kama unamfahamu anayefanya hivyo, mfuate. Mwanzo wa mazungumzo uwe watoto wake.

Kwenye gereji, betri iliyokufa haifunguliwi. Isimamishe wima na vifuniko vyake, juu ya ubao au trei ya plastiki, chini ya paa, mbali na njia ya maji. Iuze nzima, pamoja na maji yake. Wanunuzi wengi wa skrepa watakuambia umwage asidi kwanza kwa kuwa wao wanalipia uzito wa risasi, hawataki kulipia maji. Mnunuzi wa namna hiyo mwache aende, hata kama bei yake ni nzuri, kwa sababu asidi ile haitoki peke yake. Inatoka na chembe za risasi, na anachokuomba ni kwamba sumu ibaki kwako.

Betri ikipasuka kwa ajali, magadi ya kawaida ya dukani yatakusaidia. Nyunyiza taratibu huku umevaa glovu za mpira na miwani. Asidi itatoa povu na kuchemka. Endelea hadi itulie. Lakini mafundi wengi wanakosea hapa: magadi yanaua ukali wa asidi, hayaondoi risasi. Tope linalobaki bado ni sumu. Lizoe kwa maranda, lifunge, ulihifadhi pamoja na betri.

Kulanti ya rejeta ina ladha tamu, ndiyo maana mbwa huinywa na kufa kwa figo. Mtoto naye anaweza kuinywa. Kinga kwenye ndoo yenye mfuniko. Kwenye breki, acha kupuliza vumbi kwa kompresa. Baadhi ya breki za zamani na za bei nafuu zina asbesto, na vumbi lake likiingia pafuni halitoki. Lowesha kwa maji yenye sabuni kidogo, futa kwa kitambaa, kitambaa kiende kwenye mfuko.

Fundi wa AC ana jambo lake, nalo halionekani wala halinuki. Gesi ya R134a iliyomo kwenye magari mengi tunayotumia haiharibu ozoni kama zile za zamani, lakini kila kilo yake inaongeza joto la dunia kama kilo 1,430 hivi za hewa ya ukaa. Gari dogo hubeba karibu nusu kilo. Ukilegeza mrija na kuiachia hewani, umefanya kwa sekunde chache kile ambacho gari hilo lingefanya likienda Dar hadi Mwanza na kurudi karibu mara mbili. Nchi za dunia zilikubaliana kupunguza gesi za aina hii zilipokutana Kigali, Oktoba 2016, hapahapa jirani. Mashine ya kunyonya gesi ni ghali kwa gereji moja. Mafundi watatu wa mtaa mmoja wanaweza kuinunua pamoja na kupokezana. Na kabla ya kuongeza gesi, tafuta inapovujia. Kujaza mfumo unaovuja ni kuuza gesi ileile kila mwezi.

Kwenye rangi nitapita haraka. Changanya kiasi unachokihitaji. Thina ya kuoshea bastola ya kupulizia rangi iache itulie kwenye kopo lililofungwa; siku ya pili rangi imezama, na thina ya juu inafaa kwa suuzo la kwanza. Rangi za kuchanganywa na hadna zina kemikali zinazoleta pumu, wala barakoa ya kitambaa haizizuii: fundi avae angalau ile yenye vichujio vya mvuke, na banda la rangi lisielekezwe kwa mama ntilie wala dirisha la jirani.

Petroli ya kuoshea vyuma unaweza kuipunguza sana kwa kutumia makarai mawili. La kwanza chafu la kutolea matope, la pili safi la kumalizia. La kwanza likichoka, acha litulie, mimina petroli ya juu, na karai la pili liwe la kwanza. Bora zaidi, tumia dizeli, haiwaki kirahisi kama petroli. Na mikono usiioshe kwa yoyote kati ya hizo. Petroli inafungua ngozi na kukaribisha kila kilichokuwa juu yake.

Wewe mwenye gari, nimekurudia. Siku utakapopeleka gari kwa sevisi, kabla ya kuuliza bei, muulize fundi: oili yangu ya zamani itakwenda wapi? Atakuonyesha pipa, au atatazama pembeni. Ukionyeshwa pipa na ukaambiwa kuna nyongeza kidogo kwa ajili ya kulitunza, ilipe bila kupunguza. Gereji iliyojenga sakafu na mtego haiwezi kushindana kwa bei na ile inayomwaga mtaroni, na wewe ndiye unayechagua ipi ibaki na wateja. Betri yako iliyokufa usiiweke stoo nyumbani ukisubiri wanaopita mtaani na mizani. Iache pale uliponunulia mpya, wauzaji wengi huzipokea na kukupunguzia bei. Na ukitaka punguzo hilo liandikwe kwenye risiti, liandikwe.

Jioni, fundi mwenzangu, vua ovaroli kabla hujatoka getini. Ining'inie hapohapo gereji, ifuliwe peke yake. Nawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, sugua chini ya kucha. Viatu vya kazi vilale kazini. Vumbi la risasi na la breki husafiri kwenye nguo hadi kwenye kochi na kitandani, na mtoto anayekukimbilia mlangoni anakumbatia kwanza kifua cha shati lako.

Bosi wangu wa zamani amekwishaacha kazi. Gereji ile ina sakafu sasa, na ukutani, juu ya pipa, kijana mmoja ameandika kwa rangi nyeupe: OILI TU. Nilipopita mara ya mwisho niliuliza kuhusu yule mama. Wakaniambia amehamia kwa mwanawe. Kisima bado kipo, kimefunikwa kwa bati, na juu ya bati wameweka jiwe.